Kupumzika Pamoja Nako ni Maendeleo

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Longisa na majirani, katika semina ya wenye ndoa)

 

Padre, wenyeviti wa vikundi, waweka hazina, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliooa juzi juzi. Asanteni kwa kufika. Najua wengine wenu mmekamua ng'ombe gizani ili muwe hapa saa tatu.

Mmezoea kusikia kutoka kwangu habari za matangi ya maji, kuku wa mayai, majiko ya kuni chache na vitabu vya hesabu za kikundi. Leo mada yangu ni nyingine. Nilipomtajia mwenyekiti mmoja alidhani nafanya mzaha. Mada ni hii: mume na mke watoke nyumbani siku moja, waende kutembea, polepole, wakiwa wawili. Iwe safari isiyo ya mazishi, wala ya hospitali, wala ya kutafuta karo. Watoke tu wakatazame kitu kizuri na kurudi.

Najua swali lililo midomoni mwenu. Je, hayo si mambo ya matajiri? Hebu tufuate njia yetu ya siku zote. Kwanza tuone, halafu tupime, mwisho tutende.

TUONE: Hali ilivyo kwetu

Nikitembelea boma zenu huwa nauliza akina mama, "Mama, mara ya mwisho ulipanda gari ulikuwa ukienda wapi?" Majibu ni matatu tu. Sokoni. Hospitalini. Matangani. Mama mmoja aliongeza la nne, akasema, "Na kumpeleka mtoto bweni." Katika miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kukaa kwenye kiti cha gari karibu na mume wake bila kuwa na mgonjwa, au maiti, au sanduku la shule.

Wazee nao wana safari zao. Mzee huenda Bomet, huenda Mulot siku ya soko la ng'ombe, hukaa na wenzake. Sisemi ni vibaya. Mtu anahitaji wenzake. Lakini tazameni jambo hili: mzee hupumzika mbali na mke wake, na mama hapumziki kabisa. Hata Jumapili, tukitoka kanisani, wanaume husimama chini ya mti mmoja na wanawake huenda haraka kuwasha moto.

Upande wa juu, upande wa majani chai, jambo hili huonekana wazi zaidi wakati wa bonasi. Mwaka mzima mama amechuna majani, amebeba kikapu mpaka kituo cha chai, amesimama kwenye foleni ya mizani. Namba ya chai iko kwa jina la mzee. Pesa zikiingia zinaingia kwa jina hilo. Kuna wazee wengi wema, wanaoleta pesa nyumbani zikapangwa mezani. Na kuna boma nyingine ambamo mwezi wa bonasi ni mwezi wa ugomvi. Nimeitwa usiku katika boma kama hizo, nanyi wenyeviti mmeitwa. Upande huu wa chini ni mahindi na maziwa badala ya chai, lakini hadithi ni ile ile.

Nikiwakalisha watu hawa wawili wazungumze, mara nyingi nagundua kwamba hawana chuki. Wamekosa tu mahali pa kuzungumzia. Nyumbani kila neno linakatizwa. Mtoto analia, ndama amefunguka, jirani amekuja kuomba jembe. Wanayosemezana ni maagizo tu: leta, peleka, lipa, funga.

Wenzetu wanafanyaje?

Katika nchi nyingine watu wametengewa mahali pa kwenda kupumzika. Marekani, tarehe 17 Julai 1955, Walt Disney, mtengenezaji wa sinema za michoro, alifungua bustani ya michezo inayoitwa Disneyland, katika mji wa Anaheim, California. Mtu aliyependa sinema zake aliweza kuingia na kutembea kana kwamba yuko ndani ya sinema yenyewe. Sasa bustani za namna hiyo ni nyingi. Usidhani ni za watoto peke yao. Mume na mke huenda siku nzima, wanatembea wameshikana mikono, wanakula, wanaketi kivulini na kutazama watu wakipita.

Sasa sikieni hili, maana linatuhusu. Mwaka 1998 kampuni hiyo ya Disney ilifungua bustani nyingine huko Florida, iitwayo Disney's Animal Kingdom. Ndani yake wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki. Kuta zimetengenezwa zionekane kuukuu kama za miji yetu. Kutoka hapo wageni hupanda lori la wazi na kuzungushwa kutazama twiga na ndovu. Na kijiji hicho, ndugu zangu, wamekipa jina la Harambe.

Mnacheka! Ndiyo, neno letu. Neno tulilojengea shule, zahanati na makanisa. Mmarekani hulipa pesa nyingi aje na mke wake kutembea katika Harambe ya kujengwa. Simcheki mtu huyo. Amefanya jambo jema, amempa mke wake siku moja. Ninachouliza ni kwamba sisi wenye neno lenyewe, tumewahi kufanya harambee ya kumpumzisha mtu na mke wake? Tumefanya ya harusi na ya mazishi. Katikati ya harusi na mazishi, ndoa tumeiacha ijitegemee.

Bustani ya sinema iliyo karibu nasi

Hatuna haja ya kwenda Florida. Ukishika barabara ya Mulot, upite Narok mpaka Mai Mahiu, halafu ugeuke kuelekea Naivasha, utafika mahali ambapo watu wa sinema wenyewe wametoka Amerika kuja kupatazama. Ni mbuga ya taifa ya Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka 1984. Si kubwa, ni kama kilomita 68 za mraba. Jina lake maana yake ni Lango la Jehanamu. Padre, usiogope, hatuwapeleki waumini wako kupotea. Pameitwa hivyo kwa sababu ya majabali yake na mvuke wa moto unaotoka ardhini. Mvuke huo ndio unaozungusha mitambo ya Olkaria, ambayo tangu mwaka 1981 inatoa umeme. Taa mnazowasha jioni, sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa Bonde la Ufa.

Wengi mmeiona, au watoto wenu wameiona, ile sinema ya michoro ya mwaka 1994 iitwayo The Lion King, yenye mwanasimba anayeitwa Simba, nyani anayeitwa Rafiki na ngiri anayeitwa Pumbaa. Majina ya Kiswahili matupu. Kabla ya kuitengeneza, wakubwa wa kazi hiyo walisafiri mpaka Kenya wakatembea Hell's Gate, wakatazama majabali, nyasi na mwanga wa jua. Baadaye, kwa sinema ya Tomb Raider iliyotoka mwaka 2003, wapiga picha walikuja hapo hapo na mitambo yao.

Lango kuu la mbuga linaitwa Elsa. Huyo alikuwa simba jike, yatima, aliyelelewa tangu mwaka 1956 na Joy Adamson na mume wake George, aliyekuwa afisa wa wanyama wa porini kaskazini mwa Kenya. Joy aliandika kitabu juu yake, Born Free, mwaka 1960, na mwaka 1966 kikatoka kama sinema. Nyumba ambayo Joy aliishi iko kando ya Ziwa Naivasha, inaitwa Elsamere, na imefanywa makumbusho. Kwa hivyo ukienda huko siku moja umegusa sinema tatu, na hujavuka mpaka wa nchi.

Siku ya mume na mke mmoja

Kikundi kimoja cha upande wa chai kilijaribu jambo hili. Jozi sita zilikodi matatu moja. Nitawasimulia siku ya jozi moja kati yao. Wamenipa ruhusa, mradi nisitaje majina wala kijiji. Mzee ana miaka hamsini na kitu, mama anakaribia hamsini. Wana watoto sita, wawili bado wako shule.

Kikundi kiliweka masharti matatu. La kwanza, kila mtu akae na wake. Wanaume wasikae nyuma ya gari na wanawake mbele, kama tulivyozoea. La pili, simu zizimwe, isipokuwa ya mweka hazina. La tatu, hakuna kukimbizana. Anayetaka kutazama jiwe moja saa nzima, atazame.

Waliondoka saa kumi alfajiri. Mama alikuwa na kikapu chenye chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai na kibuyu kidogo cha mursik. Saa tatu hivi walikuwa langoni. Hapo kuna baiskeli za kukodi, maana Hell's Gate ni moja ya mbuga chache ambapo mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli bila gari. Mzee akakodi mbili. Mama akakataa katakata. "Mimi sijawahi kupanda hiyo kitu, na sianzi leo mbele ya punda milia." Basi mzee akarudisha moja, akaweka kikapu kwenye keria ya ile nyingine, na akaisukuma siku nzima akitembea kando ya mke wake. Wenzake walimpita wakimcheka. Alinieleza baadaye kwamba ile baiskeli ndiyo pesa aliyotumia vizuri kuliko zote, ingawa hakuipanda hata hatua moja.

Walitembea polepole. Punda milia walikuwa karibu, na swala, na ngiri waliopiga magoti kula nyasi. Mzee aliwatazama punda milia kwa macho ya mfugaji, akauliza, "Hawa wanaogeshwa na nani? Mbona hawana kupe?" Mama akacheka mpaka akaketi chini. Aliniambia hakumbuki mara ya mwisho mume wake alimchekesha. Alikuwa amesahau kwamba kumbe ni mtu wa mzaha, na kwamba ndiyo sababu alimkubali zamani.

Si mbali na lango kuna jabali refu limesimama peke yake kama nguzo. Linaitwa Fischer's Tower, kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika hapo mwaka 1883. Lakini Wamaasai wana hadithi yao, ya zamani kuliko Mjerumani. Wanasema ni binti aliyekuwa akienda kuolewa. Aliambiwa asigeuke nyuma kutazama nyumbani kwao. Akageuka, akawa jiwe.

Mama alisimama hapo muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi pia niligeuka nyuma siku ile." Mzee akauliza, "Siku gani?" "Siku nilipotoka kwa baba. Na nimegeuka mara nyingi tangu hapo. Hujawahi kuniuliza."

Ndugu wapendwa, mtu anaweza kuishi na mwenzake miaka ishirini na tatu asisikie neno hilo. Halikusemwa jikoni, halikusemwa shambani. Lilihitaji jiwe, na kimya, na mtu asiye na haraka.

Walipoketi kivulini kula, mama akaendelea. Alisema bila hasira, "Miaka ishirini na tatu nachuna majani. Mgongo huu ndio unajua. Na kwenye karatasi ya kiwanda hakuna jina langu hata moja. Ukitangulia wewe, nitaanza kuomba ndugu zako." Mzee hakujibu. Alimaliza yai lake, akainuka, akashika baiskeli. Walitembea kimya kitambo kirefu. Mama alidhani siku imeharibika.

Alasiri walikwenda Elsamere. Huko watu huketi kwenye viti kando ya ziwa wakaletewa chai. Mhudumu alikuja na sinia, akamwinamia mama kwanza, akamwuliza, "Mama, nikuwekee sukari ngapi?" Mzee alinieleza hapo ndipo kitu kilimgonga. Katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kumwona mke wake akiletewa chai. Mama huyo amechuna chai maelfu ya vikapu. Amepika chai asubuhi na jioni. Kuletewa, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mzee akasema, "Tukirudi tutakwenda kiwandani tuulize juu ya ile sehemu ya chini, mpaka mtoni. Ipate namba yake, kwa jina lako."

Walikwenda, wakiwa pamoja, wiki iliyofuata. Leo ninapozungumza nanyi karatasi bado ziko ofisini, namba haijatoka. Lakini mama anasema hata isipotoka mwaka huu, sasa analala vizuri, maana neno limeshasemwa na limesikika.

Sitawadanganya kwamba jozi zote sita zilirudi hivyo. Moja iligombana kutoka Narok mpaka Longisa juu ya pesa za soda. Hao nao tunaendelea kuwatembelea. Kutoka pamoja si dawa ya kila kitu. Kunafungua mlango tu. Kuingia ni kazi ya wenyewe.

TUPIME: Imani yetu inasema nini?

Wengine wataona hii ni anasa. Tutazame Maandiko. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, akaibariki. Hakupumzika kwa kuwa alichoka. Alipumzika na kutazama alichoumba, akaona ni chema. Katika Injili ya Marko, sura ya sita, mitume waliporudi kutoka kazini, watu wakiwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula, Yesu aliwaita waende kando mahali pa faragha wapumzike kidogo. Hakuwaambia kwanza wamalize kazi. Kazi haiishi, sote tunajua.

Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alitetea haki ya maskini ya kupumzika. Na hayati Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwakumbusha wenye ndoa kwamba upendo unahitaji kupewa muda. Bila muda wa kukaa na kusikilizana hata watu wema huwa wageni ndani ya nyumba moja.

Niongeze jambo moja kuhusu wale Adamson wa Elsamere. Waliweza kumlea simba wa porini mpaka dunia nzima ikawajua. Lakini wao wenyewe mwishowe waliishi mbali mbali, mume huko Kora, mke Naivasha na baadaye Shaba. Siwahukumu, marehemu hao. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa hodari katika kazi yake mpaka akaandikwa vitabuni, na nyumba yake ikawa na vitanda viwili katika wilaya mbili. Nasi tunaweza kuwa na ng'ombe wa gredi wanaoshinda wote kwa maziwa, na tusijue mwenzetu anawaza nini.

TUTENDE: Tupange vipi?

Kwanza, pesa. Msikope. Mkopo wa matembezi ni mzigo, na utaleta ugomvi ule ule tunaoukimbia. Wekeni akiba ndani ya kikundi, kando na ule mchango wenu wa mzunguko. Mume na mke wakiweka shilingi 100 kila wiki, kwa wiki 52 ni shilingi 5,200. Jozi sita ni shilingi 31,200. Jozi sita ni watu 12, wanatosha katika matatu ya abiria 14, na viti viwili vinabaki kwa viongozi. Bei za kukodi gari na za kuingia mbugani hubadilika, kwa hivyo mweka hazina aulize mapema, aandike, kisha kikundi kiamue. Na pesa hizo kila mtu atoe nusu yake. Mzee asilipe zote akajiona amenunua siku, wala mama asitolewe pesa za mayai kimya kimya.

Pili, ng'ombe. Ng'ombe hajui Jumamosi. Jozi sita zikienda, jozi nyingine sita za kikundi zinakamua, zinalisha na kuangalia watoto. Mwaka unaofuata zamu inageuka. Hiyo ndiyo harambee ya kweli, na haihitaji mgeni wa heshima.

Tatu, vitambulisho. Kila mtu abebe kitambulisho chake cha taifa, maana mwananchi hulipa kiasi tofauti na mgeni. Ada za mbuga za taifa sasa hulipwa kwa simu au mtandao, si pesa taslimu langoni. Kijana mmoja wa kikundi asaidie kulipa kabla ya siku yenyewe.

Nne, na hapa nawaomba mnisikilize sana: usalama. Hell's Gate kuna korongo jembamba la kina, Ol Njorowa. Ni pazuri, na ndipo wengi hutaka kushuka. Lakini mvua ikinyesha mbali, hata kama juu yenu jua linawaka, maji huja ghafula kwa nguvu katikati ya kuta za mawe, na mtu hana pa kukimbilia. Mwaka 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walifariki humo. Mwezi wa Septemba 2019 watu saba wengine walichukuliwa na maji. Waulizeni askari wa mbuga kama inaruhusiwa kushuka. Wakisema hapana, ni hapana, hata kama mmelipa. Msiende msimu wa mvua. Na hata wakiruhusu, wenye magoti mabovu wabaki juu, kuna mengi ya kutazama. Pia msiwakaribie nyati, na chakula kifungwe vizuri, maana nyani hawajui Amri ya Saba.

Tano, wasioweza kufika Naivasha. Wagonjwa, wenye mtoto mchanga, au wenye mwaka mbaya wa mahindi. Msikae nyumbani mkasema bahati si yetu. Kuna maporomoko ya Tenwek, hapo karibu na mji wa Bomet. Kuna bustani ya miti ya Chagaik, upande wa Kericho, yenye bwawa na kivuli. Masharti ni yale yale matatu: kila mtu na wake, simu zizimwe, na hakuna haraka. Bebeni chai yenu. Na siku hiyo, wazee wangu, chupa ya chai ifunguliwe na mzee, na kikombe cha kwanza kiende kwa mama.

Ndugu zangu, tunahesabu maendeleo kwa mabati, matangi na lita za maziwa. Ni sawa, tuendelee kuhesabu. Lakini katika kitabu cha kikundi tuongeze safu moja: ni jozi ngapi mwaka huu zimepata siku yao? Mwaka ukipita na safu hiyo ni tupu, tujue kuna mradi ambao hatujauanza.

Mungu abariki nyumba zenu.  

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Wanaume wakae peke yao, na wanawake peke yao, kila upande uorodheshe safari tano za mwisho walizofanya. Kisha mlinganishe. Mnaona nini?

2. Ni neno gani ambalo mume au mke wa hapa kwetu hushindwa kulisema akiwa nyumbani? Kwa nini?

3. Katika kikundi chenu, ni akina mama wangapi wenye namba ya chai, akaunti ya maziwa au akaunti ya akiba kwa majina yao? Nini kinazuia wengine?

4. Tukianza wiki hii, tunaweza kuweka shilingi ngapi kwa wiki bila kugusa karo na chakula? Nani atakuwa wa kwanza kwenda, na nani atakamua ng'ombe wao?